Mikono Safi Kwenye Kitanda cha Mgonjwa

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya juma hili: Kutoka 30:17-21, Mambo ya Walawi 15:1-13, Kumbukumbu la Torati 23:12-14, 2 Wafalme 3:11, Isaya 1:5, 6, Marko 1:40-45, Marko 7:1-23, Yohana 13:1-17.

Fungu la kukariri: Zaburi 24:3, 4. Likariri kama lilivyo katika Biblia yako. Angalia kwamba mtunga zaburi anataja mikono kwanza, kisha moyo, na vyote viwili ni vya mtu yule yule.

Mgonjwa akiruhusiwa kutoka Muhimbili au Mnazi Mmoja, mara nyingi anarudi nyumbani bado mgonjwa. Amepooza upande mmoja kwa kiharusi, au ana kidonda cha kisukari kinachohitaji kusafishwa kila siku, au saratani imemfikisha mahali ambapo hawezi kujigeuza kitandani. Kuanzia siku hiyo anahudumiwa na binti yake, mkwe wake, mjukuu wake, au jirani wa chumba cha pili. Huyo hajapita chuo cha uuguzi. Ana upendo, beseni na kipande cha sabuni.

Katika nyumba nyingi za Gerezani na Kariakoo, familia kadhaa hupanga vyumba vinavyotazamana kwenye korido moja. Uani kuna choo kimoja, bafu moja na kamba ya kuanikia nguo. Mkono uliotoka kumbadilisha mgonjwa unaweza kushika kitasa cha mlango wa watu wote, kisha kopo la maji, kisha shavu la mtoto. Hivyo namna mhudumu anavyoitunza mikono yake inawagusa watu wengi kuliko anavyofikiri.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Wahudumu wengi wa nyumbani wanajua kwamba wangepaswa kujikinga, ila wanaona aibu. Kuvaa glavu mbele ya mama mzazi kunaonekana kama kumwonea kinyaa. Juma hili somo linauliza: je, upendo unathibitishwa kwa mikono isiyo na kinga? Neno la Mungu linasema nini juu ya mikono inayohudumu?

JUMAPILI
Birika Kati ya Hema na Madhabahu

Soma Kutoka 30:17-21. Birika la shaba liliwekwa mahali gani? Kina Haruni walitakiwa kunawa wakati gani?

Birika halikuwekwa kando, mahali ambapo kuhani angeweza kulisahau. Liliwekwa kati ya madhabahu na hema ya kukutania, njiani kabisa. Kuhani aliyetaka kuingia hemani alilikuta mbele yake, na aliyetaka kukaribia madhabahu alitakiwa kunawa pia. Na agizo lilikuwa kali: wanawe, wasije wakafa.

Haruni alikuwa amekwisha kupakwa mafuta na kuwekwa wakfu. Hata hivyo wakfu wake haukumwondolea wajibu wa kunawa. Alikuwa mtu anayeshika damu, mafuta na majivu kila siku, na utakatifu wa kazi yake ndio uliomdai maji zaidi. Vivyo hivyo, maombi ya mhudumu kabla ya kumgusa mgonjwa hayachukui nafasi ya sabuni. Mungu yule yule aliyeagiza sala aliagiza birika.

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona wanawake wengi wakifa kwa homa ya uzazi katika wodi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao. Hao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kwa wazazi. Mwezi Aprili mwaka huo, karibu wanawake 18 katika kila 100 walikufa. Katikati ya Mei aliwaagiza wote wanawe kwa maji yenye klorini, na kufikia Juni vifo vilishuka hadi karibu 2 katika kila 100. Madaktari wale hawakuwa wakatili. Walikuwa watu wema wenye mikono michafu, na wema wao haukuwaokoa akina mama.

Mhudumu wa nyumbani anapaswa kunawa kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kumlisha au kumpa dawa, na kabla ya kusafisha kidonda. Anawe tena baada ya kugusa mkojo, kinyesi, matapishi, damu au usaha, baada ya kushika shuka zilizochafuka, baada ya kuvua glavu, na baada ya kutoka chooni. Kwa maneno machache: anawe anapokuja na anapoondoka, kama kina Haruni.

Birika liliwekwa njiani ili lisisahaulike. Je, nyumbani kwako maji na sabuni viko njiani kati ya kitanda cha mgonjwa na mlango, au mpaka mtu avitafute?

JUMATATU
Maji Yanayotiririka

Soma Mambo ya Walawi 15:11, 13 na 2 Wafalme 3:11. Kuna maji ya namna gani katika mafungu haya?

Sheria ya Walawi inazungumza juu ya mtu mwenye ugonjwa wa kutokwa. Fungu la 11 linataja waziwazi mtu huyo kumgusa mwingine kabla hajanawa mikono kwa maji. Fungu la 13 linaeleza kwamba akipona ataoga katika maji yanayotembea, yasiyosimama. Zaidi ya miaka elfu tatu kabla ya darubini kuonyesha kijidudu chochote, watu wa Mungu walikuwa wamefundishwa kwamba maji yaliyosimama na maji yanayopita si kitu kimoja.

Ipo pia sifa ya Elisha. Mfalme wa Yuda alipouliza habari za nabii, hakuelezwa miujiza. Aliambiwa kwamba huyu ndiye aliyekuwa akimmiminia Eliya maji mikononi. Watu wa pwani wanaelewa picha hii bila kufafanuliwa: mgeni anakaa mkekani, kijana anakuja na birika na bakuli, maji yanamiminwa juu ya mikono na yaliyochafuka yanaangukia chini. Huo ni utaratibu wa heshima, na ni utaratibu wa afya vilevile, kwa kuwa hakuna anayetumbukiza mikono katika maji ya mwenzake.

Kinyume chake ni beseni moja ambalo watu watano wananawia kwa zamu. Wa kwanza anaosha mikono yake, na wa tano anapokea uchafu wa wanne. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilisambaa katika mikoa mingi ya nchi na Zanzibar, na watu zaidi ya 20,000 waliugua kabla wimbi hilo halijapungua. Ugonjwa huo husafiri kwa maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi, na mikono isiyonawiwa ni mojawapo ya njia zake.

Huhitaji bomba ndani ya chumba ili uwe na maji yanayotiririka. Kata au jagi na mtu wa kukumiminia vinatosha. Kibuyu chirizi cha dumu la lita 5 na kamba ya kukanyagia kinatosha pia. Mwaka 2020, wakati wa korona, ndoo zenye koki zilisimama mbele ya karibu kila duka la Kariakoo. Nyingi sasa zinahifadhiwa stoo au zinawekewa mchele. Ndoo moja kama hiyo, kwenye kigoda nje ya chumba cha mgonjwa, ingekuwa birika la shaba la nyumba hiyo.

Lowesha mikono, paka sabuni, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha kwa muda usiopungua sekunde 20, kisha suuza kwa maji yanayotiririka. Maji ya baridi yanafaa kama ya moto. Futa kwa taulo yako peke yako, au acha mikono ikauke hewani. Sabuni ya mche ikatwe vipande na kuwekwa kwenye kisahani chenye matundu, isilale katika maji yake yenyewe. Dawa ya kutakasa mikono yenye spiriti ya asilimia 60 au zaidi inasaidia mahali pasipo na maji, ila haifai mikono inapoonekana kuchafuka.

Elisha alikumbukwa kwa kumiminia mtu maji. Ni kazi gani ndogo ya mhudumu ambayo wewe huidharau, na mbingu inaikumbuka?

JUMANNE
Ukuta wa Mji

Soma Isaya 1:5, 6 na Mithali 25:28. Nabii anataja matunzo gani ambayo majeraha yalikosa?

Isaya anautumia mwili uliojaa majeraha kuwa mfano wa taifa lililoasi. Lakini mfano wenyewe unaonyesha kwamba watu wake walijua matunzo ya jeraha: kulifunga na kulilainisha kwa mafuta. Sulemani naye anaongea juu ya mji uliobomolewa kuta. Ngozi ndiyo ukuta ambao Muumba aliujenga kuuzunguka mwili. Ikiwa nzima, vijidudu vingi hubaki nje. Ikipasuka, hata ufa mdogo pembeni ya ukucha huwa lango.

Ndiyo maana mhudumu anayenawa mara nyingi anapaswa kuitunza ngozi yake pia. Sabuni ya unga ni kali. Inafaa nguo, na mikono inayoitumia kutwa hukauka na kupasuka. Tumia sabuni ya kawaida, suuza ikaishe, na ukishakauka paka mafuta ya mgando au mafuta ya nazi, hasa usiku. Kata kucha ziwe fupi. Vua pete unapohudumia. Ukiwa na mchubuko, ufunike kwa plasta kabla ya kumgusa mgonjwa.

Mgonjwa naye ana ukuta wake, nao uko hatarini zaidi. Mtu aliyelala bila kujigeuza huanza kuharibika ngozi kwenye makalio, visigino, nyonga na kiunoni, mahali mfupa unapokandamiza godoro. Mgeuze kila baada ya saa 2, mchana na usiku, kwa kumwinua na si kumburuta. Nyoosha shuka isiwe na mikunjo. Akijikojolea, mbadilishe mapema, msafishe taratibu na kumkausha. Kwa joto la Dar es Salaam, jasho hukaa chini ya matiti, kinenani na katikati ya vidole vya miguu, na fangasi hupenda hapo. Osha na ukaushe vizuri. Ukiona wekundu au weusi usioondoka mahali pa mfupa, usipasugue wala kupakanda. Mwondolee uzito mahali hapo na umwite mhudumu wa afya. Kwa mgonjwa wa kisukari, tazama nyayo kila siku, kwa sababu huenda amekanyaga msumari bila kuhisi.

Kumgeuza mgonjwa saa nane za usiku hakuonekani na mtu. Soma Mathayo 6:4. Fungu hili lina faraja gani kwa anayefanya hivyo?

JUMATANO
Usafi wa Kambi

Soma Kumbukumbu la Torati 23:12-14 na Mambo ya Walawi 15:4-10. Kwa nini Mungu alijali kinyesi kilifukiwa wapi, na nani alilalia kitanda kipi?

Kila Mwisraeli alitakiwa kuwa na kitu cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, afukie uchafu wake. Sababu iliyotolewa ni kwamba Bwana alitembea katikati ya kambi. Mungu hakuona aibu kuzungumza habari za choo, maana watu wengi wanaoishi karibu karibu huuana kwa uchafu kabla adui hajafika.

Kariakoo yenyewe ni ukumbusho wa jambo hilo. Jina hilo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliokuwa na kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Katika vita ile ya Afrika Mashariki, wapagazi waliokufa kwa maradhi, hasa ya kuhara damu na malaria, walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Walibeba mizigo ya wengine na hawakupewa maji safi wala vyoo vya kutosha.

Nyumba yenye mgonjwa ni kambi ndogo. Shuka iliyochafuka isikung'utwe chumbani. Ondoa kinyesi na ukitupe chooni, fua shuka kwa sabuni peke yake, uianike juani. Pampasi iliyotumika ifungwe ndani ya mfuko na kuwekwa kwenye chombo chenye mfuniko, isiachwe uani kwa mbwa na nzi. Kama mgonjwa ana upele unaowasha usiku, wote wanaolala chumba kimoja watibiwe siku moja, na nguo na shuka zao zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi. Kumtibu mmoja ni kumwandalia upele mwingine.

Damu ikimwagika sakafuni, vaa glavu, ifunike kwa kitambaa na umwagie maji yenye klorini, subiri dakika 10, ndipo ufute. Kama chupa ya Jik imeandikwa asilimia 3.5, sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji inatosha kwa kazi hiyo. Changanya mapya kila siku. Usichanganye kamwe na dawa nyingine za kusafishia choo, kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu. Maji haya ni ya sakafu na vyombo, hayafai kumwoshea mgonjwa.

Je, majirani wa korido yako wangesema nini juu ya usafi wa nyumba ya Mwadventista yenye mgonjwa?

ALHAMISI
Yesu Alimgusa

Soma Marko 1:40-45. Yesu alifanya nini kwa mkono wake, na kisha alimwagiza nini mtu yule?

Mwenye ukoma alikuwa hajaguswa na mtu mwenye afya kwa muda mrefu. Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, akiwa mbali. Alinyosha mkono akamgusa. Kisha, baada ya kumponya, alimtuma kwa kuhani akatimize yale aliyoagiza Musa. Ukisoma Mambo ya Walawi 14:8, 9, utakuta kwamba katika hayo yalikuwemo kufua nguo na kuoga. Kwa hiyo Yesu aligusa, tena akaheshimu sheria ya usafi. Hakuona kwamba moja linaharibu jingine.

Sasa fikiria binti anayeuza nyanya karibu na Mtaa wa Shaurimoyo. Mama yake amepooza na ana kidonda mgongoni. Jioni binti anatoa glavu, na mama anageuza uso ukutani: "Mwanangu, mimi nilikuosha kwa mikono mitupu. Leo mimi ndiye takataka?" Maneno hayo yanauma. Wengi wakiambiwa hivyo huzitupa glavu pembeni, na wanafikiri wameshinda kwa upendo. Wiki chache baadaye kidonda kinanuka, na mjukuu anayelala chumba hicho hicho anaharisha.

Binti angeweza kujibu hivi: "Mama, shikamoo yangu kwako iko pale pale. Lakini nimetoka sokoni, mikono hii imeshika noti za watu tangu asubuhi, na kidonda chako kiko wazi. Nisipojisafisha, mimi ndiye nitakayekuletea ugonjwa." Jibu hilo ni la kweli. Glavu humkinga mhudumu, na humkinga mgonjwa pia.

Tena glavu hazihitajiki kwa kila jambo. Zivaliwe pale penye damu, usaha, kinyesi, mkojo au kidonda, zitupwe baada ya matumizi, na mikono inawiwe. Zikikosekana, mfuko safi wa plastiki usiotoboka unaweza kufunika mkono kwa dharura. Lakini kumchana nywele, kumlisha, kumshika mkono wakati wa sala, hayo yafanywe kwa mikono mitupu iliyonawiwa. Virusi vya UKIMWI havipiti kwenye ngozi nzima, wala kwa kukumbatiana. Mama yule akishikwa mkono dakika tano baada ya kidonda kufungwa, atajua kwamba glavu hazikuwa kinyaa.

Ukichomwa na sindano, au damu ikiingia kwenye jeraha lako, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kukamua, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Uliza pia kuhusu homa ya ini aina ya B na chanjo yake.

Wengine hutumia Marko 7:1-23 kusema kwamba Yesu alipuuza kunawa. Soma tena. Je, Yesu alikemea usafi, au alikemea mapokeo yaliyofanywa kuwa njia ya haki, huku wazazi wakinyimwa haki yao (fungu la 9-13)? Kumbuka kwamba katika sura hiyo hiyo Bwana aliwatetea baba na mama wanaohitaji msaada wa watoto wao.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Yohana 13:1-17. Usiku ule, Bwana aliweka kando vazi lake akachukua vyombo viwili: beseni na taulo. Hivyo ndivyo vyombo vya mhudumu wa nyumbani mpaka leo. Kila mara kanisa linapofanya Huduma ya Unyenyekevu, waumini wanainamiana wakiwa na beseni na taulo, na kila jozi huletewa maji safi. Nyumbani kwa mgonjwa huduma hiyo haingoji mwisho wa robo; hufanyika asubuhi, mchana na saa nane za usiku. Katika kitabu chake juu ya huduma ya uponyaji, kilichotoka mwaka 1905, Ellen G. White aliweka usafi, maji, hewa safi, jua na pumziko pamoja na kumtegemea Mungu, bila kuvitenganisha.

Pumziko lililotajwa hapo ni la mhudumu pia. Anayehudumia peke yake miezi mingi huchoka, na aliyechoka husahau kunawa. Petro alitaka kukataa kuoshwa miguu. Wahudumu wengi nao hukataa kusaidiwa. Wakubali kuoshwa. Idara ya Dorkasi na mashemasi wanaweza kupanga zamu ya usiku mmoja kwa juma, au kupeleka sabuni, glavu na ndoo yenye koki. Aliyekuja kusali na mgonjwa anawe kwanza mikono, ndipo aishike ile ya mgonjwa na kusali.

Maswali ya Kujadili

1. Haruni aliwekwa wakfu na bado alitakiwa kunawa. Ungemwambia nini ndugu anayesema kwamba kujikinga ni kukosa imani?

2. Katika kabila na familia yako, mzazi akiona glavu hufikiri nini? Ni maneno gani ya heshima yanayoweza kumweleza bila kumvunja moyo?

3. Darasa lako linamjua nani aliye na mgonjwa kitandani? Kabla ya kufunga darasa Sabato hii, amueni ni nani atakwenda, siku gani, na atabeba nini mkononi.